Tiba ya silosaibini kwa sonona sugu: inavyofanyika na inapoharibikia

Mkuu, umesema dada yako aliyeko Melbourne ametumia dawa mbili za sonona bila nafuu, sasa daktari kamtajia "tiba ya uyoga", na unaogopa anafundishwa ulevi. Hofu ni halali, ila hatari iko kwingine.

Australia iliruhusu silosaibini, kemikali ya uyoga unaobadilisha fahamu, kwa sonona sugu kuanzia 1 Julai 2023, na anayeweza kuiandika ni daktari bingwa wa magonjwa ya akili mwenye kibali chake. Hatafunishwi uyoga. Anapewa kidonge cha dawa iliyopimwa, kwa kawaida miligramu 25, na anakinywa hapohapo kliniki akiwa chini ya uangalizi.

Kazi kubwa iko kabla ya kidonge. Kwanza mchujo: aliyewahi kuugua magonjwa mazito ya akili kama skizofrenia au bipola, au mwenye mzazi au ndugu wa damu anayeugua, kwa kawaida hakubaliwi. Presha isiyotulia nayo inamzuia, kwa sababu dawa huipandisha kwa saa kadhaa. Halafu dawa anazotumia. Dawa za sonona kama sertralini na ndugu zake zinaweza kufifisha silosaibini, kwa hiyo mara nyingi daktari huzipunguza taratibu kwa wiki kadhaa. Hapa ndipo watu wanaumia: mtu anajikatia dozi ghafla nyumbani, anapata kizunguzungu, usingizi unapaa, sonona inamrudia kwa kishindo kabla siku ya tiba haijafika. Lithiamu, dawa ya kutuliza hisia, ni balaa zaidi: imeripotiwa kuleta degedege ikichanganywa na dawa za kundi la silosaibini. Amtajie daktari kila anachokunywa, mitishamba ikiwemo.

Vinafuata vikao vya maandalizi na wahudumu watakaokaa naye, kwa kawaida wawili. Wakubaliane mapema kuhusu kuguswa: kushikwa mkono sawa au hapana, na ni ishara gani inamaanisha "acha". Dawa ikishapanda, ridhaa mpya haina uzito. Sharti hili halikuja bure. Kuna video ya jaribio la MDMA, dawa nyingine ya kubadilisha fahamu inayojaribiwa kama tiba, lililofanyika Canada ikionyesha wahudumu wakimkumbatia na kumbana mgonjwa kitandani.

Siku yenyewe haina mbwembwe. Analala, kitambaa machoni, muziki masikioni. Dawa huanza kushika ndani ya saa moja, hufika kileleni baada ya saa mbili hivi, hutulia kuanzia saa sita baada ya kuimeza. Wahudumu hawahubiri. Hofu ikimvaa, wanamwambia apumue na aitazame badala ya kupigana nayo. Kichefuchefu na kichwa kuuma ni kawaida. Asiendeshe gari siku hiyo, na shemeji amfuate. Vikao vya baada, kuanzia kesho yake, ndivyo vinavyogeuza aliyoyaona kuwa mabadiliko ya maisha. Kliniki inayovipunguza ili kupunguza bei inamuuzia nusu ya tiba.

Inafanya kazi? Jaribio lililochapishwa 2022 lilikuwa na wagonjwa 233. Baada ya wiki 3, waliopewa miligramu 25 walishuka wastani wa pointi 12 kwenye kipimo cha ukali wa sonona chenye pointi 60. Waliopewa miligramu 1, dozi ndogo ya kulinganishia, walishuka 5.4. Ila kati ya waliopewa 25, waliokuwa bado na nafuu imara wiki ya 12 ni kama mmoja kati ya watano, na mawazo ya kujiua yalijitokeza kwenye makundi yote. Tena mgonjwa hujua upesi kama kapewa dozi kubwa, na matumaini hayo peke yake huvuta matokeo juu. London mwaka 2021 watafiti waliishindanisha silosaibini na esitalopramu, dawa ya kawaida ya sonona, kwa watu 59, na kwenye kipimo kikuu tofauti haikuthibitika.

Kwa hiyo mimi singemkataza. Ningemwambia kabla ya kulipa aulize: nani atapokea simu yangu usiku nikizidiwa wiki ya pili? Wakimpa namba ya mapokezi tu, atafute kliniki nyingine.