Swali la Lugha: Anaimba "mahali" badala ya "mahari", kweli hajui Kiswahili?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni msomaji wako wa Kahama. Kuna binti wa huku kwetu, ana miaka 19, nyimbo zake anaziandika mwenyewe na kuziimba mwenyewe, sasa kuna huu mmoja unapigwa kila kona, kuna sehemu anasema "baba kapokea mahali, ng'ombe kumi na wawili, wameswagwa usiku kucha". Watu wamemshukia kama mwewe. Mmoja kasema "nyimbo yake nzuri ila hana lafudhi", wengine wanataka arudi shule akafundishwe r, eti anaharibu Kiswahili. Juzi nimemuona kwenye harusi anaimba ule wimbo wake mwingine, alipofika pale pa "ninalia" akaimba "ninaria", nikaumia kweli. Mwalimu, ni kweli huyu mtoto hajui Kiswahili? Halafu neno lenyewe ni lafudhi au lafuzi?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Wimbo nimeusikiliza, tena si mara moja, na jibu nakupa mapema: Kiswahili anakijua, anakijua vizuri sana, na hao waliomshukia wanachokisema sicho.

Tuanze na hilo la "hana lafudhi". Hakuna binadamu asiye na lafudhi. Lafudhi ni namna mdomo wako ulivyozoea kutoa maneno kutokana na ulikolelewa na lugha uliyoisikia kwanza, kwa hiyo wa Kariakoo anayo, wa Lamu anayo, wa Lubumbashi anayo, na mtangazaji wa redio unayemwona ananyoosha maneno kama kapigwa pasi naye anayo, tofauti ni kwamba ya kwake tumeizoea mpaka hatuisikii tena. Na tusichanganye lafudhi na lahaja, maana lahaja inakuja na msamiati wake na sarufi yake, ndo maana Kimvita ni lahaja, Kipemba ni lahaja, Kimakunduchi ni lahaja. Kiswahili cha huyu binti si lahaja. Ni kilekile cha kwako na cha kwangu, ila kinapita kwenye ulimi uliolelewa na Kisukuma.

Na ulimi huo una historia yake. Kisukuma kina l, hakina r. Ukitaka kujua hizi sauti mbili zinavyokaribiana jaribu sasa hivi hapo ulipo, sema "la" kisha "ra" polepole: ncha ya ulimi inaenda palepale kwenye ufizi, kwa l inagusa na kutulia hewa ipite pembeni, ndo maana inaitwa kitambaza, kwa r inagonga na kuachia, hiyo tunaiita kimadende. Basi, tofauti ni hiyo tu, kutulia na kugonga. Mtoto aliyekua akiita njaa nzala, njia nzila na mvua mbula, mdomo wake umejaa l tangu ananyonya na hajawahi kuhitaji ile ya kugonga. Ukisogea kidogo tu kaskazini kwa Wakurya unakuta kinyume chake, wao wana r hawana l, na Mkurya akikwambia amechoka anaenda "kurara" umemuelewa wala hujamuuliza mara mbili.

Sasa angalia hayo maneno matatu niliyoyataja, maana hapo ndo pana utamu wenyewe. Nzala, sisi tunasema njaa. Nzila, sisi njia. Mbula, sisi mvua. Ile l yetu imeenda wapi? Kiswahili kimeimeza! Wapwani wa zamani walianza kuiachia l katikati ya vokali mpaka ikapotea, na mpaka leo makovu yake unayaona, ndo maana tunasema kaa lakini kalia, vaa lakini valia, zaa lakini zalia, chukua lakini chukulia, pokea lakini pokelea. Hiyo l inayochomoza kwenye kalia haijatoka hewani, ilikuwemo siku zote, ni ulimi wa Waswahili wenyewe ulioirahisisha. Yaani kilichotokea Pwani karne nyingi zilizopita ni jambo la aina hiihii tunayomcheka nayo binti wa Kahama, na leo tunakiita Kiswahili fasaha.

Haya, tuje kwenye mahari yenyewe. Mahari na mahali yote mawili yametoka kwenye Kiarabu, mahr na mahall, na kwa Mwarabu hayatofautiani mwishoni tu, yanatofautiana hata hapo kwenye h, maana ile ya mahr ni h nyepesi kama ya kwetu na ile ya mahall inatoka chini kooni, ni herufi mbili tofauti kabisa zenye maandishi tofauti. Sisi tulipoyachukua tukazifanya h zote mbili kuwa moja, tukachomeka vokali ili mdomo wetu upate pa kupumzikia, na hakuna aliyelia kwamba Kiarabu kimeharibiwa wala aliyeshindwa kuelewana na mwenzie, kwa sababu maneno hayatembei peke yake, yanatembea na wenzake. Mtu akisema baba kapokea, halafu akataja ng'ombe kumi na wawili, ni nani Kahama nzima, au hata Tanga, atakayedhani baba kapokea eneo? Hata rafiki, ambalo watu wanamcheka mtu akisema "lafiki", kwa Mwarabu linaishia na q ya nyuma kabisa kooni, na wewe unayecheka umeigeuza k ya kawaida tangu utotoni na hujawahi kuombwa urudi shule.

Na habari? Wazee wa Pwani wengine mpaka kesho wanasema khabari, wanasema kheri, wanasema khatari, wakikwaruza kooni kabisa. Sisi wa bara na vijana wa Dar tumeilainisha yote. Kuna na lile la paa, mzee wa Mombasa au wa Unguja anayesema Kiswahili cha asili anatofautisha paa mnyama na paa la nyumba kwa pumzi inayotoka na ile p, mnyama ana pumzi nyumba haina, wakati wengi wetu hatujui hata kama tofauti hiyo ipo. Kwa hiyo tukianza kufukuzana kwa sababu ya sauti zilizopotea mdomoni, foleni ya kurudi shule itakuwa ndefu na waliomshukia huyu binti watakuwa mbele kabisa.

Kuna wanaosema basi kuna Kiswahili sanifu, afuate hicho. Sawa, ila tukumbuke sanifu ilikuja vipi. Mwaka 1928 kule Mombasa ndipo ilipokubaliwa Kiunguja kiwe msingi, 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya Afrika Mashariki, na kazi kubwa ya kamati ile ilikuwa vitabu vya shule, tahajia na kamusi, yaani tuandikeje. Maandishi ndo yaliyosanifiwa kwelikweli. Ukipima kwa sanifu hiyohiyo, huyu binti kaimba "ng'ombe kumi na wawili", siyo "kumi na mbili" kama ninavyosikia kila siku hata kwa watu wenye digrii. Katumia neno kuswaga, yaani kuwaongoza ng'ombe njiani, mahali pake, neno ambalo vijana wengi wa mjini hawalijui. Na aliyemsema kaandika "nyimbo yake nzuri", wakati huo ni wimbo mmoja, kwa hiyo ni wimbo wake, nyimbo ni mbili na kuendelea. Simsemi kwa ubaya, kosa hilo limeenea mno, lakini upatanisho wa ngeli ni sarufi, ndo uti wa mgongo wa lugha hii, na kwenye huo uti wa mgongo binti kasimama wima.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ukisoma wanachoandika, r ni kisingizio tu. Neno lililo nyuma yake ni mshamba. Na hilo si geni kwenye muziki wetu. Siti binti Saad alitoka Fumba, shamba, Unguja, aliuza vyungu, na alipoanza kupata jina mjini walimtungia maneno ya kumsimanga kwamba katoka shamba na kaniki yake. Akawajibu kwa kuimba, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili, wakati taarabu ya wakubwa ilikuwa inaimbwa Kiarabu. Leo tunasomesha watoto habari zake, Shaaban Robert mwenyewe aliandika wasifu wake, na hao waliomsimanga hatukumbuki hata majina yao.

Halafu angalia tunavyowapokea wageni. Miriam Makeba wa Afrika Kusini alipoimba Malaika hakuimba kama mtu wa Pwani, na dunia nzima imeupenda wimbo kupitia kwake na sisi tukajivuna. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, akaja Dar es Salaam 1978, akaimba Kiswahili chenye Ukongo ndani yake mpaka alipofariki 2010, tukampa udaktari wa heshima za mtaani, tukamwita Dokta Remmy, na alipoimba mambo ya maskini tulisikia maskini wenyewe wakiongea. Wageni tunawapigia makofi. Sasa huyu wa Kahama, mtoto wetu, aliyezaliwa kwenye kabila kubwa kuliko yote Tanzania, ndo tunamwambia mdomo wake hautoshi kuimbia Kiswahili?

Tena kwenye kuimba, lafudhi inavurugwa na muziki wenyewe. Sisi mkazo tunauweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nakuPENda, lakini biti ikitaka mwimbaji anaenda kuuvuta mwisho, nakupendaaa, na waimbaji wote wanafanya hivyo, wa Dar, wa Mombasa, wote. Hujasikia hata mmoja akiambiwa kaharibu mkazo.

Nikuambie kitu kimoja nilichokiona mwenyewe nilipokuwa nafundisha. Nilikuwa na mwanafunzi wa kike darasani, kidato cha pili, siku moja kasoma kwa sauti "aliluka ukuta" darasa zima likaangua kicheko, na mimi sikulikemea lile darasa kama nilivyopaswa, nilitabasamu. Baada ya hapo insha zake zikaanza kunishangaza, nikawa sielewi zina nini. Ilinichukua karibu muhula mzima kugundua kwamba ameacha kutumia maneno yenye r. Rafiki amekuwa mwenzangu, kurudi kumekuwa kuja tena, barabara imekuwa njia kubwa, furaha haipo kabisa, kila mtu kwenye insha zake alikuwa anacheka tu au ana moyo mweupe. Mtoto mwenye akili kiasi kile, alikuwa anazunguka nusu ya kamusi kwa kuogopa kuchekwa. Lile tabasamu langu najutia mpaka leo.

Ndo maana ulivyoniambia habari za "ninaria" nilishtuka kuliko wewe. Hilo halikutoka Kisukuma, Kisukuma hakiwezi kumpa r asiyo nayo. Hilo limetoka kwa wakosoaji. Mtu akipigwa sana kwenye l anaanza kuiogopa, kila akiiona anadhani ndo ile ya makosa, anaigeuza r hata isipotakiwa, malori anasema marori, salamu anasema saramu, ninalia anasema ninaria. "Ninalia" yake ilikuwa sahihi tangu mwanzo, wao ndo wameivuruga. Na huyu ni mtunzi, maneno ndo mali yake, akianza kuyachagua kwa woga kama yule mwanafunzi wangu tutampoteza huku tunamsikia.

Hilo la lafudhi au lafuzi: andika lafudhi. Asili yake ni neno la Kiarabu, lafdh, na sisi hapohapo tukaliongezea u katikati na i mwishoni. Kuna wengi mdomoni wanasema lafuzi, kama wanavyosema zambi na zahabu, na wanaeleweka. Kwenye kuandika ndo sote tukutane. Kwa hiyo kama una njia ya kumfikia, mwambie kwenye ile video maneno yanapopita chini aandike mahari kwa r, hapo ndipo r inapohitajika kweli, maana msomaji hasikii sauti wala biti ya kumsaidia. Na kama anafikiria kusoma taarifa ya habari siku moja, ajizoeze, inafundishika, dakika kumi kwa siku ra-re-ri-ro-ru mbele ya kioo, miezi michache ulimi unazoea kugonga, ila iwe kwa kutaka kwake.

Ila studio mwambie asirudi kurekebisha. Ule wimbo wa kwanza aache "mahali" yake ilivyo, na huu wa pili aimbe "ninalia" kwa ile l aliyozaliwa nayo, kama alivyoiimba siku ya kwanza alipoutunga.