Nimesaini na broka mwaka mzima aniuzie nyumba, naweza kutoka?

SWALI: Assalaam aleikum ustadh. Mimi niko hapa Nakuru, nina nyumba ya vyumba vitatu Free Area nataka kuuza ili nirudi nyumbani Mumias. Miezi mitano iliyopita nilimpea ajenti mmoja kazi ya kuniuzia, akaleta karatasi nikasaini bila kusoma vizuri, kumbe inasema ni miezi 12 na ni yeye peke yake anaruhusiwa kuuza, kamisheni asilimia 5. Alikuja siku ya kwanza akapiga picha akafunga bango kwa geti, akaleta watu wawili, basi, tangu hapo hata simu hashiki. Sasa shemeji yangu amepata mtu ana milioni 7 tayari. Ajenti kusikia hivyo akapiga simu siku hiyo hiyo, eti hata nikiuzia ndugu yangu wa damu lazima apate yake. Dini inasemaje ustadh, mkataba kama huu unafaa kuwa wa muda gani, na naweza kumwacha huyu mtu?

JIBU: Wa aleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu yangu, hili swali nimeulizwa mara nyingi sana tangu ploti za hapa zianze kupanda bei, na kila anayekuja huja akiwa ameshasaini, sijawahi kumpata mmoja aliyekuja kabla. Hiyo karatasi nimeiona kwa ile picha ulinitumia. Ni ukurasa mmoja umetolewa fotokopi mpaka herufi zimefifia, jina lako limeandikwa juu kwa biro, na hiyo miezi 12 iko chini kabisa ambapo stempu imekalia nusu ya maneno, ilibidi nivute picha kwa vidole ndio nisome.

Kwanza udalali wenyewe hauna shida. Imam Bukhari ameweka mlango wa ujira wa dalali ndani ya kitabu cha Ijara, yaani mambo ya kuajiri, na ametaja hapo kwamba wanazuoni wa zamani Ibn Sirin, Ata, Ibrahim na Hasan hawakuona ubaya ndani yake. Na sahaba Qais bin Abi Gharaza amesimulia kuwa wao zamani walikuwa wakiitwa samasira, yaani madalali, Mtume (s.a.w.) akawapa jina zuri zaidi akawaambia enyi wafanyabiashara, kuuza kunaingiwa na maneno ya upuuzi na viapo, basi changanyeni na sadaka. Kwa hivyo broka anayefanya kazi yake anakula halali, hata kama hapa kwetu ukimwita mtu broka ni kama umemtusi.

Sasa tuje kwa muda, hapa ndio pana kazi.

Masheikh wanatuonyesha milango miwili ya kumpa mtu kazi. Mlango mmoja ni ijara, unamwajiri mtu na lazima ijulikane ni kazi gani au ni muda gani, na malipo ni ngapi. Yule mzee wa Madyan alipomwajiri Nabii Musa alimwambia utanitumikia miaka minane na ukitimiza kumi ni hiari yako, na Musa akajibu kwamba muda wowote kati ya hiyo miwili akiumaliza asidhulumiwe, iko Surat Al-Qasas aya ya 27 na 28. Ona vile muda umewekwa wazi mpaka ile nyongeza imetajwa kuwa ni hiari. Ni kama soja wa geti, mwezi ukiisha unamlipa, mwizi aje asije. Mlango wa pili ni juala, yaani ahadi ya zawadi kwa atakayekamilisha jambo. Surat Yusuf aya ya 72, walipopoteza kikombe cha mfalme wakatangaza atakayekileta atapata shehena ya ngamia. Hapo hakuna tarehe wala mtu aliyefungwa, anayeleta analipwa, asiyeleta anaenda zake na hakuna wa kumdai.

Huyu ajenti wako yuko mlango gani? Ukiangalia malipo yake ni juala tupu, nyumba isipouzwa hapati hata shilingi. Lakini ukiangalia vile amekufunga ni kama ijara ya mwaka mzima, tena ijara ya upande mmoja, manake nimeisoma hiyo karatasi mara mbili nikitafuta mahali yeye amejifunga na sikuona. Haisemi ataposti wapi, haisemi atakuletea ripoti lini, haisemi asipoleta mtu kwa miezi kadhaa inakuwaje. Wewe uko ndani ya boma umefungiwa na yeye ametembea na funguo. Na kwa bahati mbaya karatasi za mtaani nyingi ziko hivi hivi, zimechukua kitamu cha kila mlango zikampa mtu mmoja.

Wanazuoni wa Kishafi, na wengi wetu huku ndio madhehebu yetu, wamesema juala haifungwi na kazi na wakati kwa pamoja, kwa sababu mtu anaweza kuhangaika siku zote hizo halafu tarehe ifike kabla hajamaliza, jasho lake likapotea bure. Mahanbali, yaani wafuasi wa Imam Ahmad bin Hanbal, wameruhusu. Mimi kwa mambo ya nyumba na ploti za leo naegemea kwa Mahanbali, na wacha nikuambie kwa nini.

Miaka ya nyuma niliuza kiploti changu nilichopata kwa mirathi ya marehemu baba, Kisumu upande wa Mamboleo. Nilimpa broka, tukaandika kamisheni lakini muda hatukuandika, tukasema tu tutaonana mambo yakiwa sawa. Akafunga bango kwa waya kwenye ua, akaleta mtu mmoja akapotea. Mwaka wa pili nikamuuzia jirani wa hapo hapo, hata sikumkumbuka yule broka, na bango lenyewe lilikuwa limepigwa na jua mpaka namba ya simu huwezi kuisoma yote. Haikupita wiki mbili jamaa huyu hapa, ana karatasi, anasema yule jirani alijua ploti inauzwa kupitia bango lake. Nikafikiri ni mchezo. Nikamuuliza jirani, na jirani akasema ukweli wake, kwamba ndio, aliona bango, akapiga ile namba mara tatu haikushikwa ndio akanitafuta mimi. Sasa hapo nani ana haki? Hakukuwa na tarehe ya kutuamua. Tulikaa kwa veranda ya msikiti mimi na yeye na wazee wawili tukafanya sulhu, yaani mapatano, nikampa nusu. Mpaka leo sijui kama nusu ilikuwa nyingi ama kidogo, lakini najua tungeandika mstari mmoja tu wa tarehe hatungepoteza hiyo siku.

Kwa hivyo mtu akiniuliza kabla hajasaini namwambia miezi mitatu. Hiyo sio aya wala hadithi, ni rai yangu kutokana na kuona. Nyumba ikiingia sokoni wiki za kwanza ndio watu wanaiulizia, picha bado ni mpya, mabroka wengine bado wanaipigia debe, na miezi mitatu ikiisha bila mtu wa maana basi ama bei iko juu ama uliyempa kazi amelala, na yote mawili yanataka mkae chini muongee upya. Hata Marekani ambako mikataba hii imezoeleka kabisa, mingi ni ya miezi mitatu hadi sita. Kama ni nyumba ya bei kubwa sana ambayo wanunuzi wake ni wachache, mpe sita. Mwaka siwezi kusema ni haramu, lakini mwaka bila mlango wa kutokea ni kujitafutia ugomvi, kwa hivyo ukikubali mwaka andika kwamba yeyote kati yenu anaweza kutoka kwa notisi ya wiki mbili. Na ile ya kusema mkataba utajiongeza wenyewe muda ukiisha, hiyo kata kwa kalamu mbele yake, kunyamaza kwa mtu kusihesabiwe ni saini yake.

Watu pia wanachanganya hii na zile siku 90 ambazo mawakili huandika kwa agrimenti ya kuuza, hizo ni za kumaliza malipo na transfa na wewe mnunuzi umeshapata. Huu muda wetu ni wa kumtafuta huyo mnunuzi. Ni hesabu mbili tofauti, kwa hivyo iandikwe pia kamisheni inalipwa lini, mtu akisaini ama pesa ikiingia yote.

Na kuna hila moja ya upande wetu sisi wenye nyumba, siwezi kuipita. Mtu analetewa mteja na ajenti, wanabadilishana namba kichinichini, halafu wanaambiana tungoje mkataba uishe mwezi ujao tuuziane bila kamisheni. Hiyo ni kula jasho la mtu, na hadithi qudsi, yaani maneno ya Mwenyezi Mungu aliyoyasimulia Mtume, iliyo kwa Bukhari imetaja watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa mgomvi wao siku ya Kiyama, mmoja wao ni aliyemwajiri mtu akachukua kazi yake kamili asimpe ujira wake. Dawa yake ni rahisi, muda ukiisha ajenti anakupa orodha ya majina ya watu aliowaleta, na mnakubaliana kwamba mmoja wao akinunua ndani ya siku 60 kwa mfano, haki yake iko pale pale. Jina lisilo kwa orodha hana madai nalo.

Sasa wewe ndugu yangu. Umesaini, na kutosoma sio udhuru. Allah amesema enyi mlioamini timizeni mikataba, mwanzo kabisa wa Surat Al-Maida, na Mtume (s.a.w.) amesema Waislamu wako juu ya masharti yao. Kwa hivyo usimuuzie mtu wa shemeji kimyakimya. Lakini pia hukuuza shingo yako. Kwa Mashafi juala ni mkataba ambao kila upande unaweza kuuvunja, na mwenye mali akiuvunja mfanyakazi akiwa ameshaanza, anamlipa ujira wa mfano, yaani kile mtu wa kazi kama hiyo angelipwa kwa kiasi alichofanya. Huyu alipiga picha, akafunga bango, akasafirisha watu wawili. Uliza maajenti wengine wawili watatu kazi kama hiyo ni pesa ngapi, umlipe, umuandikie barua kwamba umevunja mkataba, na umuitishe majina ya hao wawili. Yote hayo kabla hujapokea shilingi moja ya mtu wa shemeji.

Na huyo mtu wa shemeji muulize uso kwa uso alijuaje hiyo nyumba. Akisema shemeji alimwambia kwa chai, sawa. Akisema alisoma bango, hapo stori imebadilika na nakushauri mkae kwa sulhu kama mimi nilivyokaa.

Hilo ni la dini. La serikali ni lingine, korti itasoma hiyo karatasi vile ilivyo, na asilimia 5 ya milioni 7 ni 350,000, anaweza kukupeleka korti ya madai madogo ambayo inasikiza mpaka milioni 1. Usikimbie kwa Kadhi, katiba kwenye kifungu cha 170 imempa Kadhi mambo ya hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu, kamisheni ya nyumba haimo. Kwa hivyo tafuta wakili aisome kabla hujatuma barua, na umuulize pia kama huyo ajenti amesajiliwa na bodi ya maajenti wa nyumba, maana sheria inataka asajiliwe na wengi wanaotembea na stempu mfukoni hawajasajiliwa. Halafu nimeona saini ni yako peke yako, mama watoto je? Kama hiyo ndio nyumba mnayoishi, sheria ya mali ya ndoa ya 2013 inataka yeye akubali ndio iuzwe, na hata bila sheria, mtu anahamishwa Mumias na hajaulizwa?

Kitu cha mwisho, ulisema kwa ile voisi kwamba mmoja wa wale wawili aliambiwa bei ni milioni 8 na wewe ulisema 7. Sahaba Ibn Abbas aliruhusu kusema uza hii nguo, kitakachozidi kiasi fulani ni chako, ingawa wanazuoni wengi hawakukubaliana naye kwa sababu ujira haujulikani. Lakini hata kwa Ibn Abbas mwenye mali anajua na amekubali. Kupandisha kichinichini halafu ukadai na asilimia 5 juu yake, hiyo ni khiyana, yaani usaliti, na ukiwa na ushahidi umwonyeshe wakili.

Barua usiiandike usiku ukiwa na hasira. Ikiwa tayari niletee nakala niione, niko msikitini kila siku baada ya Alasiri, Alhamisi peke yake ndio huwa nimeenda Njoro. Wallahu aalam.