Barua kwa mwanangu: heller mbili za bibi yako

Tabora

Mwanangu Mwajuma, mama yangu,

Sisi huku wazima. Embe zimeanza kuanguka na watoto wa jirani hawatupi usingizi.

Picha zimefika. Unauliza mbona sarafu mbili za bibi yako za heller 20, ile fedha ndogo ya enzi za Wajerumani, zote za 1916, hazifanani, na kama ni kweli alivyokwambia yule muuzaji wa vitu vya kale kwamba moja ni bandia. Simshangai. Aliyezoea sarafu zilizotoka Berlin, kila moja pacha wa mwenzake, hizi za kwetu lazima zimtie wasiwasi.

Zilipigwa hapa hapa Tabora, mama, kwenye karakana ya reli. Vita vilipoanza 1914 Waingereza walifunga bahari, fedha za chuma kutoka Ujerumani zikakatika, na noti walizochapa Wajerumani huku watu hawakuziamini. Ndipo wakakusanya shaba, pamoja na maganda ya risasi za mizinga, wakapiga sarafu wenyewe. Ile T ndogo iliyo kwenye sarafu ndiyo Tabora. Septemba 1916 Wabelgiji wakauteka mji, kazi ikaishia hapo.

Sasa fikiria mhuri wa chuma wa kupigia sarafu, uliochongwa kwa mkono, wakati wa vita. Unapigishwa maelfu ya mara, unachakaa au unapasuka, anachonga mwingine. Nimeshika patasi na tupa maisha yangu yote: hata ukiniwekea kipande cha kwanza mbele ya macho, cha pili hakitatoka vilevile. Tofauti unazoziona zilianzia kwenye mihuri hiyo.

Anza na rangi: kuna za shaba nyekundu na kuna za shaba ya njano. Ila usiiamini rangi peke yake, maana uchafu wa miaka mia huzifanya zote kahawia. Halafu geuza upande wa taji. Kuna taji kubwa na kuna taji dogo, na ukiziweka mbili pamoja hutahitaji kuambiwa. Kazi iko upande wa thamani. Soma neno HELLER, uzitazame zile L mbili, pale ncha zinapoishia. Kuna mhuri ambao ncha za L zote mbili zimechongoka, kuna ambao zote zimejikunja, na kuna ambao ni L ya pili tu iliyojikunja. Mataji mawili, L za aina tatu. Wakusanyaji wanahesabu michanganyiko hiyo, tena kwa kila aina ya shaba, na bei inapishana sana kwa sababu ya kijincha ambacho bibi yako hakuwahi kukiona.

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea: wanachanganya mhuri na mfuko. Sarafu iliyozunguka sokoni miaka inalika, taji linakuwa bapa, ncha ya L inafutika, nawe unadhani umepata aina mpya. Kumbuka hivi: kulika kunapunguza kimo, hakuhamishi mahali. Kwa hiyo usiulize taji limesimama kiasi gani. Pima upana wake na nafasi iliyobaki kati yake na maandishi. Kama ncha ya L imelika kabisa, sema tu haisomeki. Kuna wauzaji wanaoona mkunjo popote penye bei nzuri.

Tumia lenzi na taa ya pembeni, taa ya juu inaficha. Ukikuta vitundu vidogo kama vya povu juu ya uso, au mshono kwenye ukingo, hiyo imemiminwa kwenye kalibu, haikupigwa, na hapo muuzaji atakuwa na haki. Kwenye picha zako sijaona dalili hiyo. Nilichoona ni taji kubwa kwenye moja na dogo kwenye nyingine.

Akikuletea maneno ya dhahabu, ile ya rupia 15 yenye tembo na mlima nyuma yake, hiyo nayo ni ya Tabora 1916 na ina aina mbili: pambo la upande wa kulia linaishia chini ya T ya neno OSTAFRIKA, yaani Afrika Mashariki kwa Kijerumani, au chini ya A ya kwanza. Mimi sijawahi kuishika. Za kuiga ni tele, usinunue.

Na tafadhali usizisafishe. Bibi yako aliacha tatu, si mbili. Ya tatu niliisugua kwa ndimu na majivu nikiwa kijana, ing'ae niwaonyeshe wenzangu. Iling'aa kweli. Ncha za L zikaenda na ule mng'aro, na mpaka leo iko kwenye kopo la chai, sijui niiweke kundi gani.

Nitumie picha nyingine, taa ikiwa pembeni, karibu na zile L.

Baba yako