Mwalimu, kukimbia msituni peke yangu kuna raha gani?

SWALI: Mwalimu, hujambo? Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Ruaka. Nimezoea kukimbia barabarani na kikundi cha mtaani kila Jumamosi. Sasa zamu zangu kazini zimebadilika, nafasi iliyobaki ni Jumatano asubuhi, na nitakuwa peke yangu. Rafiki alinishauri niende Msitu wa Karura, Nairobi. Nilienda, lakini saa ya mkononi ilionyesha nimekuwa mzito kuliko barabarani, nikavunjika moyo. Mume wangu naye anasema mwanamke hakimbii msituni peke yake. Hiyo raha wanayoisifu iko wapi? Na je, niende na nyimbo masikioni? – Mama Wawili, Ruaka

JIBU: Mama Wawili, sijambo. Nimefurahi umeulizia raha, maana barua nyingi ninazopata huulizia kilo na dakika.

Hiyo saa iache nyumbani. Karura si lami. Kuna mizizi, kuna udongo mwekundu, na kila ukivuka kijito unashuka kisha unapanda. Mguu unatua kila mara mahali tofauti, kwa hiyo misuli midogo ya kifundo inafanya kazi ambayo barabarani haiifanyi. Chini ya mikinduri utakuta kokwa zimetapakaa njiani, ukizikanyaga vibaya zinabiringika kama gololi. Lazima mwendo upungue. Jipime kwa pumzi: ukiweza kusema sentensi nzima bila kuikata, uko sawa. Mlima ukikukata maneno, tembea. Hata wanaoshindana katika mbio za milimani hutembea penye mwinuko mkali, na hakuna anayewacheka.

Sasa raha. Nimefundisha michezo shuleni miaka mingi na nimekimbia na vikundi vya kila aina. Navipenda. Lakini katika kikundi kuna mtu anayeshika mwendo na wengine mnamfuata, na mazungumzo hayaishi. Ukiwa peke yako unasimama unapotaka. Juzi asubuhi, baada tu ya kona yenye mianzi, pongo jike alikuwa amesimama katikati ya njia. Nikasimama. Sikio moja lilielekea kwangu, la pili likawa linazungukazunguka kutafuta kama nina wenzangu. Nilimwona pua ikicheza, ikinusa. Alipojiridhisha, akaingia kichakani taratibu, na sikusikia hata kijiti kikivunjika. Tungekuwa watu kumi tunaopiga soga, angetoweka kabla hatujafika kwenye kona.

Utaanza pia kujua ulipo kwa pua na masikio. Kwenye mikaratusi hewa inakuwa kali, hasa mvua ikiwa imenyesha usiku, kisha unaingia penye miti ya asili na ghafla kunakuwa na ubaridi na harufu ya majani yanayooza. Hondohondo akipita juu utasikia mbawa zake kabla hujamwona. Kima wakirukaruka, matawi yanatikisika kichwani pako. Na mbega, wale wenye manyoya meupe marefu mgongoni, walikuwa wametoweka hapa wakarudishwa kutoka kwingine. Ukiwaona, simama uwatazame vizuri. Mimi siku kama hiyo narudi nyumbani nimechoka miguu tu. Moyo unakuwa mwepesi, na hata kelele za matatu hazinikeri mpaka jioni.

Kuhusu mumeo, usimpuuze. Huenda anaikumbuka Karura ya zamani, iliyokuwa maficho ya wahalifu, na hofu yake ina msingi. Hali ilibadilika baada ya msitu kuzungushiwa uzio wa umeme na kuwekwa walinzi, na leo wanawake wengi hukimbia humo asubuhi. Hata hivyo, kukimbia peke yako hakumaanishi kwenda bila mtu kujua. Mwambie unaingia lango gani na unatoka saa ngapi. Beba simu yenye chaji. Fuata njia zenye vibao tu. Kwenye makutano kuna nambari, na ukipiga simu ukaitaja nambari hiyo, utapatikana upesi. Jua likianza kushuka, uwe umeshatoka.

Halafu Jumapili moja mpeleke yeye na watoto mtembee hadi kwenye maporomoko ya maji na yale mapango yaliyotumiwa na wapiganaji wa Mau Mau. Mkiwa huko, wasimulieni watoto habari za Profesa Wangari Maathai. Sehemu za msitu huu zilikuwa zimegawiwa watu binafsi wajenge. Yeye na wenzake walikataa, na tarehe 8 Januari 1999, walipokwenda kupanda miti, walishambuliwa na yeye akajeruhiwa kichwani. Mimi nikipita chini ya miti ile namshukuru kwa sauti, na sijali nani ananisikia. Bila wao pale ninapokimbia pangekuwa na nyumba na kuta.

Nyimbo hapana. Kuna waendesha baiskeli wanaokuja kwa kasi kwenye kona, na unahitaji kuwasikia. Isitoshe, ukiziba masikio, huyo hondohondo niliyekwambia atapita usijue.

Kutoka Ruaka, lango la barabara ya Limuru ndilo litakalokufaa. Jumatano ya kwanza kimbia nusu saa tu, rudi kwa njia uliyoendea, na uongeze pale utakapoanza kuzitambua njia panda. Kabla ya mvua za Aprili tafuta viatu vyenye meno chini, kwa sababu udongo wa pale ukilowa unateleza, na hukusanyika kwenye soli mpaka mguu unakuwa mzito. Ukifika kwenye daraja lolote, bandua tope kwa kijiti kabla hujaanza kupanda.