Utafiti Hauishii Kwenye Ripoti ya Mwaka wa Mwisho

Mwanafunzi mmoja wa tiba kwa vitendo, fani ya kumrudisha mgonjwa kwenye kazi zake za kila siku, mzaliwa wa Wete, Pemba, kama mimi, kaniandikia: "Dada, utafiti naufanya kwa sababu bila ya huo sihitimu. Wodini utanisaidia nini? Na tafiti zenyewe zote za Wazungu." Ni maneno yale yale tuliyokuwa tukiambizana bwenini, chuoni Moshi. Wodi tukiipenda, watoto tukiwapenda, somo la takwimu tukilivumilia.

Namjibu kwa kisa cha mgonjwa.

Nikiwa mafunzoni katika hospitali moja ya Unguja, nilikabidhiwa bibi wa Kipemba aliyepata kiharusi miezi michache kabla. Mkono wa kushoto ulikuwa dhaifu, lakini kiganja na vidole bado vikinyanyuka kidogo. Nikamuuliza anautaka mkono ule kwa kazi gani. "Kuchambua karafuu, mwanangu. Na kusuka ukili."

Msimamizi wangu alitaka tuendelee kumkanda na kumnyoosha tu. Mimi nilikuwa nimeshasoma jaribio la Marekani la mwaka 2006, maarufu kwa jina la EXCITE. Wagonjwa 222 walishiriki, wote wakiwa wamepata kiharusi miezi 3 hadi 9 nyuma. Kundi moja lilivalishwa glovu mkono usio na udhaifu karibu kutwa nzima kwa wiki 2, ili ule dhaifu ufanye kazi. Walilipita kundi la huduma za kawaida, na tofauti ilionekana hata baada ya mwaka. Nilipolitaja nikajibiwa mbele ya wenzangu: "Hayo ya vitabuni yaache huko huko Moshi." Wakacheka. Mpaka leo yananiuma.

Hoja ya bibi ndiyo iliyokuwa nzito. Mkono wake mzima ni wa kulia. Tukiufunga, atakula kwa upi? "Nile kwa kushoto? Astaghfirullah!" Hapa wanafunzi wengi husema, si unaona, tafiti hazitufai. Hapana. Daktari David Sackett na wenzake, walipoueleza mwaka 1996 utaratibu wa kutibu kwa kufuata ushahidi wa utafiti, walitaka ushahidi bora uende pamoja na ujuzi wa mtaalamu na matakwa ya mgonjwa. Adabu ya bibi kwenye sahani ya wali imo ndani ya hesabu tangu mwanzo.

Tukakubaliana glovu ivuliwe wakati wa kula na wa kutawadha. Saa nyingine mkono wa kushoto ukunje kanga, ushike kikombe, uchambue karafuu kwenye sinia, mwanawe akisimamia nyumbani. Siku moja alikuja kliniki na kifurushi cha karafuu, akakaa, akaanza kutenga makonyo kwa mkono ule ule. Msimamizi alitazama bila kusema kitu. Najivunia kazi ile, na sioni haya kusema.



Nyinyi mnaotaka kuwa wataalamu wa kuaminiwa, someni kabla hamjamgusa mgonjwa. Muulize kwanza anataka kufanya nini, kisha kalitafute hilo kwenye tafiti. PEDro, hazina ya mtandaoni ya tafiti za tiba ya viungo, ni bure. Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kusomea majarida ya afya, ipo tangu 2002. Muulizeni mkutubi wa chuo chenu. Someni hata yanayowakera. Vile vifaa tunavyopenda kuwafunga wagonjwa mkononi usiku, jaribio la Australia la mwaka 2007 kwa watu 63 halikuona kwamba vinazuia mkono kukakamaa baada ya kiharusi. Mgonjwa katoka Micheweni mpaka Chake Chake, kaacha shughuli zake, kalipa nauli. Ni dhulma kumpa zoezi kwa sababu tu ndilo ulilolikuta likifanywa.

Someni, nasema tena.

Na kuhusu tafiti za Wazungu, mdogo wangu, fungua daftari leo. Kwa kila mgonjwa andika tarehe, kazi aliyoitaka mwenyewe, alichoweza siku ya kwanza, na anachoweza kila anaporudi. Tumia kipimo kile kile kila mara. Ukifika mwaka wa mwisho utakuwa na swali lako la utafiti, la Pemba, na hutahitaji kuazima la mtu.