Dalali anayekuonyesha nyumba ni wa muuzaji: kwa nini uwe na wako

Dalali aliyetangaza nyumba ana makubaliano na muuzaji. Kazi aliyopewa ni kupata bei ya juu kadiri inavyowezekana, tena haraka. Anaweza kuwa mwaminifu, mpole, mwepesi wa kupokea simu, akakuzungusha kutwa nzima bila kulalamika. Hayo yote hayabadilishi upande anaoufanyia kazi, na mnunuzi anayelisahau hilo hulipia usahaulifu wake kwa fedha.

Mkanganyiko huu ni wa siku nyingi. Mwaka 1983 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitoa ripoti kuhusu udalali wa nyumba, ikaonekana kwamba wanunuzi wengi waliamini dalali aliyewatembeza alikuwa upande wao, ilhali kisheria alikuwa wa muuzaji. Tangu Agosti 2024 madalali wengi nchini humo hawaruhusiwi kumtembeza mnunuzi kwenye nyumba kabla hajasaini nao makubaliano ya maandishi. Popote ulipo, sheria iwe hii au ile, muulize dalali siku ya kwanza: unamfanyia kazi nani, na nani anakulipa? Jibu lake lipate kwa maandishi, hata likiwa ujumbe wa simu.

Cha kwanza anachokulindia dalali wako ni siri zako. Mbele ya dalali wa muuzaji usitaje kikomo cha fedha zako, tarehe unayotakiwa kuhama ulipo sasa, wala kwamba familia imeshagawana vyumba. Kila neno la namna hiyo anayo haki ya kulifikisha kwa muuzaji, na mara nyingi ana wajibu wa kulifikisha. Barua ya benki inavujisha siri kwa namna ambayo watu hawaitambui. Ikiwa benki imekubali kukukopesha zaidi ya unachotaka kutoa, dalali makini ataomba barua inayotaja kiasi cha ofa yako tu. Ukipeleka ile yenye kiwango cha juu kabisa, umeshamwambia muuzaji aanzie wapi.

Upande wa pili, dalali wako anachimba: nyumba imekaa sokoni muda gani, bei imeshushwa mara ngapi, mnunuzi wa kwanza alijitoa kwa sababu gani, muuzaji anauza kwa nini. Nyumba ambayo ofa mbili zimevunjika baada ya ukaguzi ina jambo, na jambo hilo huwezi kulisoma kwenye tangazo.

Bei hupatikana kwenye mauzo yaliyokamilika

Hapa ndipo dalali mzuri anapolipa gharama yake. Bei ya tangazo inaonyesha anachotaka muuzaji; haionyeshi watu wanalipa nini. Mtake akuletee nyumba tatu hadi tano zilizokwisha kuuzwa, za eneo hilohilo, ndani ya miezi sita iliyopita, zenye ukubwa usiotofautiana sana na unayoitaka. Akikuletea matangazo ya nyumba ambazo bado zinauzwa, mrudishe akaanze upya.

Kisha zinalinganishwa, na marekebisho hufanywa kwenye bei ya nyumba iliyouzwa. Kama iliyouzwa ilikuwa na gereji na unayoitaka haina, thamani ya gereji inapunguzwa kwenye bei ya ile iliyouzwa. Kama unayoitaka ina bafu moja zaidi, thamani ya bafu inaongezwa. Ni rahisi kugeuza mwelekeo huu bila kujua, na ukigeuzwa, makadirio yanatoka na kosa mara mbili ya thamani ya kitu chenyewe. Kwa hiyo omba uone hesabu nzima. Jibu la mwisho peke yake halikusaidii.

Angalieni na vipimo. Tangazo likisema mita za mraba 140, uliza kama zimehesabiwa kuta za nje, baraza na mahali pa kuegesha gari. Ikiwa ndani ni 115 tu na ulilinganisha kwa 140, kila mita ya mraba unayoishi ndani yake imekugharimu karibu asilimia 22 zaidi ya ulivyodhani. Futi ya kupimia na nusu saa vinatosha kulibaini hili.

Kuangalia nyumba

Dalali wa muuzaji huchagua saa ambayo nyumba inapendeza. Wako akupeleke mara mbili kwa uchache, mara moja mchana na mara nyingine jioni majirani wakiwa nyumbani, na ikiwezekana baada ya mvua. Fungueni bomba la bafuni na la jikoni kwa pamoja, kisha mvute maji ya choo. Presha ikianguka mno, kuna shida kwenye mabomba au kwenye tangi. Inueni macho darini kutafuta madoa ya maji. Ukuta mmoja uliopakwa rangi mpya katika chumba ambacho kuta nyingine ni za zamani uulizwe maswali.

Nyufa zisitazamwe zote kwa jicho moja. Ufa wa plasta usiofika milimita 1 ni wa kawaida na huzibwa wakati wa kupaka rangi. Ufa unaopanda kwa mshazari kutoka kona ya dirisha au mlango, unaozidi milimita 5, hasa kama mlango wa karibu unagoma kufunga, unaweza kuwa dalili ya msingi kutitia. Hapo anahitajika mhandisi wa majengo. Neno la dalali yeyote halitoshi, awe wako au wa muuzaji.

Mipaka ya kazi yake lazima iwe wazi. Dalali hapekui hati kwa niaba ya mwanasheria, hathamini nyumba kwa niaba ya benki, na hakagui mfumo wa umeme. Kazi yake ni kujua nani aitwe, lini, na kuhakikisha majibu yamepatikana kabla fedha haijaondoka mkononi mwako. Mwanasheria ndiye atakayetafuta kama kuna rehani, zuio, kodi isiyolipwa, haki ya njia ya jirani, au mwenye hisa ambaye hajatia saini. Dalali anayekuambia mwanasheria hana haja, achana naye siku hiyohiyo.

Ofa, arabuni na pengo la benki

Ofa ni zaidi ya tarakimu moja. Ofa iliyoandikwa vizuri inataja bei, arabuni, tarehe ya kukamilisha, vitu vinavyobaki ndani ya nyumba (tangi, pampu, viyoyozi, makabati ya jikoni), na siku na saa ambayo ofa inakufa. Hilo la mwisho husahaulika, kumbe ofa isiyo na mwisho humpa muuzaji nafasi ya kuitembeza kwa wanunuzi wengine ili wapande juu yako.

Masharti manne yanakulinda: mkopo upatikane, ukaguzi uridhishe, hati iwe safi, na tathmini ya benki isipungue bei mliyokubaliana. Kila sharti liwe na idadi ya siku, na liseme wazi kwamba likishindikana arabuni inarudi yote. Arabuni yenyewe ikae kwenye akaunti ya mwanasheria au ya mtu wa tatu anayewajibika kisheria. Ikishaingia mfukoni mwa muuzaji, kuirudisha kunaweza kuwa kesi.

Sharti la tathmini ndilo linalopuuzwa zaidi, nalo lina hesabu chungu. Chukua bei mliyokubaliana kuwa 100, na benki inakopesha asilimia 80. Ulijiandaa kutoa 20 taslimu. Mthamini wa benki akisema nyumba ni ya 90, benki kwa kawaida hukopesha kwa kufuata kiwango kidogo kati ya viwili, yaani asilimia 80 ya 90, ambayo ni 72. Muuzaji bado anataka 100, hivyo sasa unatakiwa kutoa 28. Bila sharti, unatafuta 8 za ziada au unapoteza arabuni. Ukiwa na sharti, dalali wako anarudi mezani na ripoti ya mthamini pamoja na ile orodha yake ya mauzo, na mazungumzo yanaanza upya mkiwa na nguvu.

Ukaguzi ukifichua kasoro, tunashauri mdai punguzo la bei badala ya kumtaka muuzaji atengeneze. Anayehama hutafuta fundi wa bei rahisi na hukimbilia kumaliza. Ukipewa punguzo, fundi unamchagua mwenyewe na kazi unaisimamia mwenyewe. Kasoro za hatari kama nyaya za umeme zilizo wazi au gesi inayovuja ni jambo jingine: hizo zirekebishwe na zikaguliwe tena kabla ya kukamilisha.

Siku moja kabla ya kukabidhiwa, pitieni nyumba tena. Pigeni picha za mita za maji na umeme, hakikisheni madeni yake yamelipwa, na vile vitu vilivyoandikwa kwenye ofa bado vipo.

Kumlipa na kumfunga kwa mkataba

Kuna udhaifu mmoja ambao madalali hawapendi kuuzungumzia. Dalali anayelipwa asilimia ya bei hana sababu kubwa ya kukupigania ili bei ishuke. Kamisheni ikiwa asilimia 2 na akakupunguzia bei kutoka 100 hadi 95, wewe umeokoa 5, yeye amepoteza 0.1. Hasara yake ni ndogo, lakini malipo ya jasho lile hayapo, na kinachomvuta zaidi ni biashara ifungwe upesi.

Dawa yake ni ada maalumu isiyobadilika, inayolipwa bila kujali bei ya mwisho. Wengine huongeza zawadi kwa kila kiasi anachopunguza. Mkifanya hivyo, kipimo kianzie kwenye makadirio yenu ya mauzo yaliyokamilika, yaliyoandikwa kabla ya ofa. Kikianzia kwenye bei ya tangazo, utamlipa kwa kupunguza kiasi ambacho muuzaji alikiongeza makusudi ili kipunguzwe.

Mkataba wa kwanza uwe mfupi, wiki nne hadi sita, kwa eneo lililotajwa, na uwe na kipengele cha kuachana kwa taarifa ya siku chache. Soma kwa makini kipengele kinachosema bado atakudai kamisheni yake kwa nyumba aliyokuonyesha hata mkataba ukiisha. Kikizidi siku 60 kataa, na orodha ya nyumba hizo iandikwe. Mkataba useme pia nini kitatokea mkivutiwa na nyumba ambayo ofisi yake ndiyo inayoiuza. Baadhi ya majimbo ya Marekani yamekataza kabisa dalali mmoja kuwawakilisha mnunuzi na muuzaji kwa pamoja, na sababu iko wazi: hawezi kumtafutia mmoja bei ya juu na mwingine bei ya chini katika nyumba ileile.

Kabla ya kusaini, thibitisha leseni au usajili wake pale unapotakiwa, kisha muulize amewakilisha wanunuzi wangapi katika miezi 12 iliyopita, na kama anapata chochote kutoka kwa benki, mkaguzi au mwanasheria anayekuelekeza kwao. Swali tunalolithamini kuliko yote ni hili: nyumba gani ya mwisho ulimshauri mteja asinunue, na kwa nini? Aliyewahi kufanya hivyo hujibu papo hapo, na sababu zake huwa za kitaalamu.

Kama unanunua kwa ndugu na bei mmeshapatana, dalali si lazima. Mwanasheria na mkaguzi wanatosha. Nyumba mpya ya mjenzi ni habari nyingine. Watu hudhani bei ni moja kwa wote, kwa hiyo huenda peke yao na kujiandikisha kwenye ofisi ya mauzo, ambayo wafanyakazi wake wote ni wa mjenzi. Wajenzi wengi hukataa kumtambua dalali anayeletwa baadaye. Nenda naye siku ile ya kwanza na jina lake liandikwe kwenye fomu ya wageni. Mjenzi akigoma kushusha bei kwa kuhofia wanunuzi wenzako watadai hivyohivyo, dalali wako aombe vigae bora, makabati, uzio, au gharama za kuhamisha hati.