Maziwa hayaoshi mapafu

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni afisa utumishi wa kampuni moja hapa Tanga. Wafanyakazi wanaotoka Pongwe tunawaleta kwa basi la dizeli la siku nyingi, na wengi wa mjini hupanda bodaboda. Wanalalamikia moshi na kukohoa, ingawa kila zamu tunawapa nusu lita ya maziwa. Tunafikiria kuwahimiza waje kwa baiskeli. Je, hawatavuta moshi mwingi zaidi njiani? Na maziwa tuyaongeze?

JIBU: Marahaba. Naanza na maziwa, maana nayakuta kila kiwanda ninachoingia na yamenichosha. Maziwa yanashuka tumboni. Moshi unakwenda mapafuni, na chembe zake nyingi hazifiki hata maikromita 2.5 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), wakati unywele wa binadamu una unene wa kama 70. Kwa udogo huo zinapenya hadi kwenye vifuko vya hewa, na baadhi huingia kwenye damu. Hakuna kinywaji kinachozifuata huko. Wapeni maziwa kama chakula, kwa jina hilohilo. Mkiwapa kama kinga, hakuna atakayeuliza tena kwa nini basi linatoa moshi, na moshi huo wa dizeli tangu 2012 umewekwa na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Baiskeli, ndiyo. Ni kweli anayekanyaga pedali anapumua kwa nguvu, lakini aliye ndani ya basi, nyuma ya lori, naye anauvuta moshi uleule bila faida ya mazoezi. Mwambieni apite mitaa ya ndani. Pale Ngamiani mjini, barabara zinazoitwa kwa namba zimenyooka sambamba, na ukisogea hata makumi ya mita kutoka barabara kubwa moshi unapungua sana. Tanga ni tambarare na baiskeli watu wanazo. Kinachowazuia kiko getini kwenu: hakuna banda lenye mlinzi, hakuna bafu la kuoga kabla ya zamu, na anayetoka usiku hana taa. Wekeni hivyo, na asiye na baiskeli mkopesheni, mkate kidogo kidogo kwenye mshahara.

Wa Pongwe ni mbali, basi litabaki. Simama getini saa ya kubadilishana zamu uangalie: mara nyingi dereva ameacha injini inaunguruma na bomba la moshi limeelekea benchi la wanaosubiri. Azime. Moshi mweusi maana yake dizeli haiungui sawasawa, fundi aangalie kichujio cha hewa na nozeli zinazopulizia dizeli ndani ya injini. Wa bluu, injini inakula oili. Kichupa cha "dawa ya moshi" cha kumimina kwenye tangi hakitengenezi nozeli mbovu wala ringi za pistoni zilizolika, hata muuzaji aape vipi.

Wauzaji wa chai za "kusafisha mapafu" ndio wabaya zaidi. Mtu anakohoa, anaambiwa ni moshi tu, anakunywa chai mwezi mzima huku ana kifua kikuu na anawaambukiza wenzake ndani ya basi lililofungwa madirisha. Yeyote kati ya wafanyakazi wenu aliyekohoa wiki mbili au zaidi apewe ruhusa leo aende kupima makohozi. Kwenye vituo vya serikali kipimo hicho na dawa za kifua kikuu ni bure.